Siku Sita za Mafuta ya Simsim

Mamba alinikamata mkono wa kulia nikichota maji, akanivuta, halafu akaniachia. Kwa nini aliniachia sijui. Watu hupenda kuniuliza hilo kana kwamba mimi na yeye tulizungumza. Shangazi yangu alikuwa nyuma yangu na ndoo yake, akampiga kwa mti wa uzio ambao mto ulikuwa umeung'oa. Labda ni ule mti, labda mamba mwenyewe hakupenda ladha yangu. Nilitoka na mkono mzima kwa kuutazama, lakini vidole vitatu havikunjiki na kiganja kimekakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani. Hospitali walinishona vizuri. Hao siwalaumu. Nina watu wengine wa kuwalaumu, nitafika kwao.

Mimi ni mkulima wa kijiji cha Wema, kando ya mto Tana. Shule niliishia darasa la nne, na haya nayaandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zangu zimelala.

Shamba langu ni la tope la mto. Tana ikifurika inalifunika, ikirudi inaliacha jeusi na laini, na hapo ndipo unapanda, siku chache tu kabla tope halijapasuka. Lilikuwa la marehemu mume wangu. Kwenye ukoo wake kuna desturi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika na hakuna asiyeijua: shamba la mtoni likipitiwa na mafuriko mawili bila mwenyewe kupanda, wazee wanampa mwingine. Mafuriko ya kwanza yalinikuta nimefungwa bandeji hadi begani. Ya pili ndiyo haya ninayosimulia. Kwa hiyo nilikuwa na shida moja tu duniani. Mkono ushike jembe kabla maji hayajaondoka.

Shangazi alikuwa akinikanda kila asubuhi. Yeye hupanda simsim yake, huisaga na kuikamua mwenyewe. Alikuwa akiyapasha moto mafuta katika kijiko kikubwa cha pilau, ananipaka kuanzia kwenye kiwiko, anashuka polepole, akifika kwenye vidole anavuta kimoja kimoja mpaka naona nyota mchana. Amekanda wazazi wa kijiji hiki tangu sijaolewa. Nikilia ananiambia, "Lia, lakini usiuvute mkono." Kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kuitikia. Kidogo sana, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini, lakini kilikuwa kinaitikia.

Sasa nianze na mtu wa kwanza. Mjini Garsen kuna mama mmoja anayenunua simsim na mafuta ya simsim kutoka kwetu. Jina lake silitaji, wa Garsen wote wanamjua. Alinikuta sokoni nikibeba mfuko kwa meno, akaniita pembeni. Akaniambia kuna hoteli kisiwani, upande wa Lamu, ambako Wazungu wanakuja kwa ndege kutibiwa kwa dawa za Kihindi zinazoitwa Ayurveda. Kuna daktari aliyetoka India yenyewe. Hoteli ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa huku kwetu imtibu bure, wiki mbili, chakula na malazi juu yao. Alisema wanataka mtu mwenye hadithi.

Ningeuliza hapo hapo, mgonjwa anahitaji hadithi ya nini. Sikuuliza. Niliangalia mkono wangu, nikawaza jembe.

Nilipomwambia shangazi alikuwa katikati ya kunikanda. Hakusimama.

"Huyo daktari amepanda ndege kuja kufanya nini?"

"Kukanda watu, shangazi. Na kuwapa dawa."

"Anakanda kwa nini? Kwa miguu?"

Nikacheka. Halafu nikasema neno ambalo nimelitafuna mwaka mzima na bado halijalainika. Nikasema, "Shangazi, yule amesomea."

Mikono yake ikaacha mkono wangu. Akajipangusa kwa leso, taratibu, kidole kwa kidole, akafunika chupa yake. "Sawa," akasema. "Mimi sikusomea." Akaingia ndani. Siku tatu zilizobaki kabla ya safari hakunikanda, na mimi sikumwomba.

Kabla sijaondoka nilikwenda shambani nikachomeka kigingi pale maji yalipoishia. Ndivyo mama yangu alivyofanya, na mama yake. Unachomeka kigingi jioni, asubuhi unapima kwa shubiri maji yamerudi kiasi gani, halafu unahesabu. Nilipima asubuhi mbili mfululizo. Mto ulikuwa unarudi polepole, kama mzee anayetoka kanisani. Nikahesabu siku kumi na sita mpaka shamba lote liwe wazi. Wiki mbili za hoteli zilitosha, tena zinabaki mbili za safari. Nikaondoka moyo umetulia, na huo ndio ujinga wangu. Kigingi kilikuwa cha kupima mto wa enzi za mama yangu. Mto wa sasa unafunguliwa na kufungwa huko juu na watu wa mabwawa, ambao hawajawahi kuona shamba langu wala kigingi changu.

Hotelini nilipokelewa kwa kitambaa chenye maji ya waridi. Meneja alikuwa mwanamke wa rika langu, mtu wa bara, mwenye sauti ya chini ya mtu anayeongea na mtoto mgonjwa. Aliniita mama. Nikapewa joho jeupe na chumba chenye kitanda ambacho familia yangu nzima ingelala. Wageni walikuwa kama kumi, wote na majoho meupe, wanatembea bila viatu na hawasemi. Wamekatazwa kusema mpaka saa nne. Nilidhani kuna msiba.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mweusi kunishinda, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Kiswahili hakujua. Aliyetufasiria ni mkandaji wake, dada wa Kigiriama ambaye wazazi wake walihamia huku kwetu kwenye delta zamani, kwa hiyo Garsen anaijua hatua kwa hatua. Daktari alinishika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho muda mrefu. Akauliza ninakula nini, ninalala vipi, choo kinatokaje, naota nini. Nikajibu yote, hata ya choo. Kisha akaufunua ule mkono.

Kila mtu akiuona mkono wangu huuliza habari za mamba. Huyu hakuuliza. Aliubonyeza, akaugeuza, akavuta kidole cha shahada, akasema kitu.

"Anauliza nani alikuwa anakukanda," dada akasema.

"Shangazi yangu."

"Anauliza alisomea wapi."

"Wema."

Dada alicheka kwanza, ndipo akafasiri. Daktari hakucheka. Alisema maneno marefu, na dada akanitazama vizuri kabla ya kuyageuza. Alisema aliyeushika mkono huu anaijua kazi, na kama yeye angekuwa mimi asingemwacha. Alisema matibabu ni siku ishirini na moja, bila kuruka hata moja. Ukiruka, nyama inakaza tena kuliko mwanzo.

Siku ishirini na moja. Mimi nilikuwa na kumi na sita za mto, na meneja alikuwa ameahidi kumi na nne. Nikamwambia dada asimwambie daktari. Nilifikiri tutafika kumi na nne kwanza, mengine tutayaona mbele.

Nisiwe mwongo, siku zile zilikuwa nzuri. Asubuhi nilipewa samli moto ninywe kikombe kizima, na hiyo ilinishinda karibu nirudishe. Kwetu wakulima samli tunaijua kwa majirani zetu wafugaji, Waorma, na hata wao hawainywi kama chai. Chakula kilikuwa wali na pojo, pojo na wali. Niliomba samaki, nikaambiwa samaki analeta moto mwilini. Nikasema nimekula samaki miaka hamsini na sijawahi kuungua. Lakini baada ya samli kulikuwa na kukandwa, na hapo nilinyamaza. Dada alikuwa na vitita vya majani vilivyofungwa kwa kitambaa, anavichovya katika mafuta ya moto, anavigongagonga mkononi toka begani hadi kwenye kucha. Daktari anasimama kando anamwonyesha. Siku ya tatu kidole cha pili kiliitikia.

Na siku ya pili nilikuwa nimeliona dumu. Mafuta yalichotwa kwenye dumu la manjano lililowekwa nyuma ya pazia, na kwenye mpini wa lile dumu kulikuwa na kipande cha leso ya kijani kimefungwa mafundo mawili. Leso ile naijua. Niliinunua mimi Garsen, nikampa shangazi siku ya kumzika mume wangu. Ilipochakaa aliichana vipande akawa anafungia madumu yake, asije akabadilishiwa sokoni.

Nikamuuliza dada mafuta yanatoka wapi. Akasema, "Kwenu. Sisi tunayachemsha na majani yetu, yakitoka hapo yana jina refu."

Niliyanusa. Chini ya hayo majani yote kulikuwa na jiko la shangazi yangu. Nimevuka bara na bahari kuja kupakwa mafuta niliyoyaacha kwenye kijiko cha pilau. Nilijiangalia na lile joho langu jeupe, nikasikia aibu mpaka masikio.

Siku ya nne meneja alikuja na kijana wa kamera. Aliniketisha ukumbini mbele ya bahari na kikombe cha chai mezani. Alitaka nikiinue kwa mkono wa kulia. Nikamwambia bado. Akasema, kwa ile sauti yake, tujaribu tu mama, dakika moja. Dada aliitwa, akanipasha vidole kwa kitita, akavikunja yeye mwenyewe kimoja kimoja kwenye sikio la kikombe, akaondoka haraka kwenye picha. Nikainua. Nikatabasamu kwa sababu niliambiwa nitabasamu. Kijana aliposema tayari, kikombe kilianguka kikavunjika, na watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Wageni wawili walinikumbatia. Mmoja alilia. Alikuwa amesimuliwa habari za mamba.

Jioni ile dada alinionyesha video kwenye simu yake. Ilikuwa nzuri. Nimeinua kikombe, bahari nyuma, muziki laini. Chini wameandika kwa Kiingereza. Nilimwomba anisomee, akasita.

"Wanasema umepona, dada yangu."

"Nimepona nini?"

"Wanasema mamba aliuchukua mkono na Ayurveda imeurudisha. Siku nne."

Siku ya sita meneja alinigongea baada ya staftahi. Kuna kundi la wageni linakuja mapema, na chumba kinahitajika. Alinishukuru sana. Alisema video imewagusa watu wengi. Alikuwa na mfuko wa zawadi, sabuni na vijitaa vya nta. Nikamwambia daktari amesema ishirini na moja, na wewe umesema kumi na nne, na leo ni sita. Akanishika bega. Akasema nimepiga hatua kubwa mno, na mwili sasa unajua njia.

Mwili wangu haukujua njia yoyote. Ulijua siku sita.

Nilimsikia daktari akibishana naye ofisini, mlango umefungwa, kwa Kiingereza, yeye ndiye aliyepandisha sauti. Kisha akaishusha. Alipotoka alinijia na viganja vimekutanishwa, kama watu wa kwao wanavyosalimu, hakuniangalia usoni. Dada akafasiri: nirudi kwa yule aliyekuwa akinikanda, leo hii, nisipumzike hata siku moja. Huyu daktari ninamlaumu nusu. Alijua kazi yake, na pia alijua kunyamaza.

Njia nzima kurudi niliuweka mkono mapajani kama mtu aliyebeba yai. Nilijiambia angalau mto bado. Zimepita nane tu na safari, zimebaki nane, shangazi atanisamehe, tutakaza.

Sikupitia nyumbani. Nilishuka kwa bodaboda kwenye njia ya shamba. Kigingi nilikiona kwa mbali, kimesimama peke yake kwenye ardhi kavu iliyoanza kupasuka, na maji yamerudi hadi chini kabisa, mto uko ndani ya kingo zake kama haujawahi kutoka. Huko juu walikuwa wamefunga. Baadaye niliambiwa maji yaliondoka kwa siku tatu, na hao waliofunga hakuna aliyetuma hata salamu. Na kutoka kwenye kigingi changu hadi ukingoni, shamba zima lilikuwa na mistari. Mistari iliyonyoka, ya kamba, mashimo yamefukiwa vizuri kwa kisigino.

Mdogo wake marehemu alikuwa kwenye kona ya chini anamalizia. Aliponiona aliweka jembe chini, akaja na mikono yote miwili mbele kunipa pole ya safari. Hakuwa na aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

"Karibu shemeji. Tumekuona."

"Mmeniona wapi?"

Akatoa simu. Kikombe, bahari, muziki. Mwanawe aliye sekondari alikuwa amewasomea maandishi, nyumba hadi nyumba. Kila mtu Wema alikuwa ameniona nimepona. Wengine walisema nimeajiriwa, ndiyo maana joho.

"Tope lilikuwa linakauka, shemeji," akasema. "Na wewe umeshapata mambo yako. Nikasema lisilale bure."

Nikampigia meneja simu nikiwa nimesimama pale pale, nikamwomba aiondoe ile video, au aandike ukweli. Alisema anaelewa. Alisema ataangalia. Aliniuliza kama nimeanza kutumia vile vijitaa. Simu zilizofuata hakupokea.

Wazee wa ukoo walikaa kwenye baraza ya kanisa siku ya tatu. Shangazi hakuja, na sikutarajia; tangu nirudi sikuwa nimethubutu kupita kwake. Nilieleza yote: mamba, mama wa Garsen, hoteli, kikombe kilivyoanguka baada ya kamera kuzimwa. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mzee aliyekaa katikati, ambaye ni mjomba wa marehemu mume wangu na ndiye aliyenipokea siku nilipoolewa, akasema kwa upole kabisa:

"Mama, kama umepona, una kazi huko kisiwani. Kama hujapona, utalimaje?"

Niliinua mkono niwaonyeshe vidole, na kwa siku zile tatu bila kukandwa vilikuwa vimeanza kukaza tena, na mmoja wao akasema kwenye simu ulikuwa unakunja vizuri tu. Shemeji alikubali kwa kichwa, kama anayenionea huruma. Nikajua hapo kwamba wananiona mwongo kwa njia zote mbili. Ama nilidanganya kwenye simu, ama ninadanganya hapa.

Hawakuninyima kabisa. Walinipa utepe wa ukingoni, hatua kumi na mbili kwa upana, chini ya shamba langu la zamani, pale ambapo hakuna mtu anayetaka kulima kwa sababu ni hatua chache tu kutoka mahali pa kuchotea maji. Mahali pale pale pa mamba. Wakasema ni padogo, lakini kwa mtu mmoja panatosha. Wakafunga kwa sala.

Nilikwenda kwa shangazi kutoka kule. Alikuwa uani anapepeta. Nilisimama na mfuko wangu wa sabuni mkononi, nikaanza kueleza, na yeye akaendelea kupepeta, makapi yananiangukia miguuni. Nikamwambia kuhusu dumu. Nikamwambia leso niliijua.

"Uliyanusa?" akauliza.

"Niliyanusa."

"Huyo daktari alisemaje?"

Nikamwambia alivyosema: aliyeushika mkono huu anaijua kazi. Aliweka ungo chini.

"Na wewe ulisemaje?"

Nikasema nilinyamaza. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kijiko cha pilau na chupa. Aliwasha moto wa magunzi mawili makavu ya mahindi. Nikaketi kwenye kinu, nikaweka mkono magotini mwake. Ulikuwa umekaza kweli kweli. Alipovuta kidole cha kwanza nilipiga kelele.

"Lia," akasema, "lakini usiuvute."

Nikamwambia, katikati ya kulia, kwamba daktari alisema ishirini na moja, na tayari nina sita, kwa hiyo zimebaki kumi na tano. Simsim inaweza kusubiri zaidi kidogo kuliko mahindi. Kama tungebana, ningeweza kupanda ule utepe kabla tope la ukingoni halijawa jiwe.

Shangazi alimimina mafuta mengine kwenye kiganja chake, akayasugua.

"Zile sita ni za hoteli," akasema. "Hapa tunaanza moja."